Daftari Tupu la Binti wa Kinyozi

Haya nitakayoyasimulia hamtayaamini, na mkiniita mwongo hamtakuwa wa kwanza. Shule niliiacha darasa la sita, tena hilo la sita nililirudia ili nilijue vizuri. Lakini hata mimi najua kuwa mtoto wa miaka mitatu hawezi kujaza kurasa arobaini za herufi "a" zilizojipanga kama meno ya kitana.

Mpwa wangu, ambaye tunamwita Kasuku kwa kuwa hanyamazi, analea watoto katika kituo kimoja nyuma ya duka la mbao. Kina vyumba viwili. Cha kwanza ni kimya, watoto wamefunga mikono kifuani. Mchana wakilala, mlezi wao anachukua penseli na kuwajazia madaftari yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko uyumbe. Jioni mzazi anafunua, anachekelea: mwanangu msomi! Msomi, yule? Nikikumbuka damu inanichemka.

Chumba cha pili ni cha Kasuku. Humo ni kelele tupu. Ana kitabu kimoja cha picha, jalada amelishona kwa uzi wa viatu. Anasoma ukurasa, anasita, anauliza, "Huyu mbuzi kakasirikia nini?" Kila mtoto ajibu, hata kwa kidole. Madaftari ya kwake hayana kitu.

Siku moja kinyozi alikuja na daftari la bintiye mkononi. Mtoto huyo alipoletwa kituoni hata "maji" alikuwa hatamki.

"Miezi minne, hata herufi moja hakuna! Unamfundisha nini, umbea?"

"Baba yake, nyumbani huwa unaongea naye?"

"Mtoto wa miaka mitatu niongee naye nini? Siasa?"

Mwenye kituo akadakia. "Ijumaa wazazi wote wanakuja. Jaza madaftari kama mwenzako, au beba mkoba wako uende."

Mimi nilimshauri ajaze. Ndiyo, mimi! Nikajitolea kumwandikia, maana mwandiko wangu hauhitaji mkono wa kushoto.

"Mjomba," akanikazia macho, "baba yake akiona daftari limejaa, ataongea naye lini?"

Nikairudisha penseli mfukoni.

Ijumaa nilisimama mlangoni nimekunja ngumi. Kasuku alimpa binti wa kinyozi kile kitabu, akamkalisha kwenye mapaja ya baba yake. Mtoto alikishika juu chini, akakigeuza, akaweka kidole.

"Mbuzi kakasirika. Kamba inamuuma. Baba, kwa nini hawamfungui?"

Kinyozi akageuka kuwatazama wazazi wenzake.

"Baba, jibu!"

Kisha Kasuku akachukua daftari lililojaa la chumba cha kwanza, akampa penseli mtoto mwenye jina lake juu.

"Andika moja tu, kama hizi."

Mtoto akaitia penseli mdomoni.

"Sasa humu kaandika nani?" Kasuku akafoka. "Mnafurahia mwandiko wa nani?"

Hapo wazazi mia tatu wakainuka kwa ghadhabu, mwenye kituo akapiga magoti, akamlilia Kasuku asiondoke, akamkabidhi na funguo za…

"Funguo gani, Mjomba?" Kasuku ananikatiza, akisoma begani kwangu ninapoandika. "Wazazi walikuwa kumi na mmoja, na watatu walihamisha watoto wao kwenda vituo vingine vya kujaziwa madaftari. Magoti hakupiga mtu. Niliambiwa nirudi Jumatatu na nisijaze kitu, basi. Futa hapo."