Neno la siri la foleni nzima

Juzi Muleba, kwenye ofisi ya kusajili wakulima wa kahawa, karani alimfokea mzee aliyechungulia kompyuta yake. "Rudi nyuma! Humu mna taarifa za watu."

Simu ikaita. Bosi wake wa Bukoba alitaka neno la siri la kufungulia kompyuta. Ndani sauti ilikatikakatika, basi karani akatoka barazani akalitaja herufi moja moja, mara tatu, mbele ya foleni yetu.

Aliporudi, kompyuta ilikuwa imejifunga; akaliandika neno, ikamkatalia. Mama mmoja akamwinamia kwa heshima ya Kihaya: "Waitu, herufi ya kwanza ulisema ni kubwa."

Wezi wa mitandao wanahangaika bure. Wangepanga foleni tu.

Karani akaapa kulibadilisha neno hilo siku hiyohiyo.

"Ukimtajia bosi hilo jipya, paza sauti," mzee akasema. "Ulinirudisha nyuma, sikusikia vizuri."