Kimeng'enya Hakijui Ukoo

Mtu asiyejua kitu, na akakiri kwamba hajui, namheshimu. Baba mdogo hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Nyasura, pale Bunda, na tangu duka lianze kumwendea vizuri akawa anazungumza kana kwamba kila somo duniani alilifaulu yeye.

Bibi alipofariki, ndiye aliyekuja kwetu Butiama kutaka kumtoa mama yangu kwenye nyumba. Niseme jinsi tulivyo. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipokufa, alitoa ng'ombe wake mwenyewe akamuoa mama yangu kwa ile ndoa yetu ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke anaoa mwanamke ili nyumba yake isife. Mimi na kaka yangu tulizaliwa humo. Mwanamume aliyetuzaa hakuwa na dai lolote juu yetu, na jambo hilo halikuwahi kufichwa. Mbele ya ukoo sisi ni wajukuu wa Bibi, na shamba lake ni letu. Baba mdogo ni mtoto wa mdogo wake mume wa Bibi.

Miaka yote alikula ugali wa mama yangu bila kuuliza damu ya mtu. Sasa akasimama kwenye kikao cha ukoo, simu mkononi, akasema dunia imebadilika, kuna DNA.

"Kitaalamu," alisema, "kuna vimeng'enya vinakataga DNA. Kila ukoo una alama yake kwenye damu, kama chapa ya ng'ombe. Kimeng'enya kikiona ya kwetu kinakata. Kikikuta ya mgeni kinapita. Hawa watoto wapimwe, na shemeji arudi kwao Mugeta."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Chapa wanaijua, wamechunga maisha yao yote, kwa hiyo upuuzi ule uliwaingia kirahisi. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, macho chini. Kwao Mugeta hakukuwa tena na mtu wa kumpokea.

Mimi nafundisha baiolojia Musoma. Mada hiyo naifundisha kila mwaka kidato cha sita, na kwa kuwa maabara yetu haina vimeng'enya wala friji ya kuvihifadhi, natumia mkasi na vipande vya kalenda za kanisa. Binti wa baba mdogo nimemfundisha. Ndiko alikookoteza: alimsikia mtoto akijisomea, akachukua nusu, nusu nyingine akajitungia. Hata mwanafunzi wangu mvivu kuliko wote asingethubutu kuandika vile kwenye mtihani.

Nikaomba ruhusa ya kusema.

"Baba mdogo, hivyo vimeng'enya vinatoka kwa bakteria. Virusi vikimvamia, anatumia vimeng'enya hivyo kukatakata DNA yao. Alama ipo, ila anaiweka kwenye DNA yake mwenyewe, asije akajikata. Hicho tunachofundisha darasani kinatafuta herufi sita za DNA zilizopangana kwa namna moja tu. Kikizikuta kinakata, iwe DNA yangu, yako au ya ng'ombe wako. Hakiulizi ukoo."

Akajibu kwamba mimi nina vitabu, yeye ana uzoefu. Uzoefu wa kuuza misumari.

Nikaendelea, kwa kuwa alishanichokoza. Nikawaeleza wazee kwamba kimeng'enya hicho kikikata kinaacha ncha zenye mkia, na mkia huo hushikana na wowote uliokatwa na kimeng'enya hichohicho, hata ukitoka kwa kiumbe kingine. Ndivyo wataalamu walivyochukua kipande cha DNA ya binadamu wakakipandikiza kwa bakteria, bakteria akawatengenezea insulini. Mzee mmoja mwenye kisukari akauliza kama ndiyo hiyo anayojichoma kila siku. Nikamwambia ni hiyo. Akalitazama tumbo lake.

Mwenyekiti wa kikao hakuridhika. "Sasa mwalimu, kupima undugu hakuwezekanagi?"

Sikuweza kumdanganya. "Kunawezekana, mzee. Zamani walikata kwa vimeng'enya hivyohivyo, wakalinganisha urefu wa vipande vya mtu na vya ndugu zake. Siku hizi kuna njia nyepesi zaidi. Ila sisi mnajua tulivyozaliwa. Kama ardhi inaenda kwa damu, basi apimwe kila anayeidai, kuanzia aliyeleta hoja."

"Nipimwe tu," alisema baba mdogo, akajipiga kifua. "Mimi siogopi."

Mama yake mzazi alikuwa pembeni na wanawake wenzake, wakichambua dagaa. Hakuinua kichwa.

"Mkishaamua siku ya kupima mniambie mapema," alisema. "Mtanikuta nimeshaenda Suguti kwa kaka yangu."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo akamgeukia. "Mama, unasemaje?"

"Nimesema nitakuwa Suguti."

Mwenyekiti akakohoa, akasema ng'ombe wa Bibi walitolewa mbele ya watu na nyumba ina wenyewe, kwa hiyo mama abaki. Wote wakaafiki haraka. Baba mdogo akaondoka kabla ya chakula. Mama yangu akaenda kukaa karibu na yule mwanamke, wakaendelea na dagaa.

Mume wangu aliniuliza kama sikumwonea huruma. Mtu aliyekuja kumfukuza mama yangu kwa ajili ya damu, akarudi Bunda hajui yake ni ya nani. Sikumwonea huruma.