Viti ya Nganda ya Mama

Kwetu, kwa njia ya Kapalata, kulikuwa nganda, baa ya kunywea pombe, ya mama moja. Hakunizaa, lakini kama mutu anamusema mubaya mbele yangu, bon, tunapigana. Kwa radio ya ile nganda njo nilijifunzia kazi ya kutengeneza, bila mwalimu. Naharibu, yeye ananipa kwanga ya muhogo na samaki: "Kula kwanza, injenieri wangu wa bure."

Kitu moja avenue yote, mutaa muzima, ilijua: kama kuko matanga, viti ya nganda inatoka bure. Mama hakuuliza marehemu alikuwa Muislamu ao Mukristo, alikunywa ao hapana. "Mutu iko analia, na unamuacha chini kwa vumbi?"

Kisha sukari ilimukamata, miguu ikavimba, akauza nganda na viti yote kwa kanisa moja ya maombi. Pale watu walikuwa wanacheza, sasa wanafunga na kuomba. Mimi, hasira. Nilikuwa napita bila kusalimia pasteur.

Mama alikufa asubuhi. Mwili ilipashwa kutoka morgue ya hospitali mchana, na kwa parcelle yake, kiwanja ya nyumba, hakukuwa hata benchi. Wamama wa Isangi, kwao na Mama, walifika, wazee Waislamu wa avenue walifika, wote wamesimama kwa jua. Tonton yangu, mjomba, akasema: "Enda uombe viti kwa pasteur."

"Niombe? Viti ya Mama?"

Nikaenda mbio. Walikuwa katikati ya maombi. Nikaingia na matope kwa viatu, nikapaza sauti:

"Muko munakalia viti ya Mama, na yeye amekufa, na watu wake wamesimama kwa jua!"

Pasteur akashusha micro ya kusemea. "Mama wa nganda? Amekufa?"

"Leo asubuhi."

Akanikaribia. "Hatukujua, kijana. Ulikuja kutuambia ao kutupiga?"

Mama moja wa chorale, kwaya ya kanisa, akasema: "Papa pasteur, huyu anapiga kwanza, bonjour inakuja nyuma." Watu wakacheka, hata mimi karibu nicheke.

"Bon," pasteur akasema. "Kila mutu na kiti yake. Maombi tutaimalizia kule."

Na kanisa yote ikasimama. Viti juu ya kichwa, ingine kwa baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, wanatembea kwa njia na wimbo. Walikuwa wamepaka viti rangi nyeupe, lakini ilichubuka, alama ya bière, pombe ya nganda, inaonekana, na hakuna mutu alifunika. Mimi mwenye kelele, nikafuta matope kwa viatu. Pasteur akanipa kiti yake mwenyewe: "Beba hii, wewe shingo iko nguvu."

Kwa matanga nilimukalisha kwa ile kiti muzee wa musikiti, juu ya uzee hakuweza kusimama tena. Wakati mwili ya Mama ilifika, hakuna mutu alikuwa chini kwa vumbi. Pasteur tu njo alikuwa amesimama, jasho inamutoka, anashika Biblia. Nikaenda kusimama pembeni yake.

"Merci, papa," nikamwambia.

Akasogea kidogo, kivuli yake ikanifunika na jua.