Hati ya Kiapo ya Bi Rehema

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti, mashine ya taipu na onyo. Aliyenipa vyote vitatu ni Bi Olga, mkuu wa makatibu katika ofisi kubwa ya mawakili, hatua chache kutoka mahakamani, upande wa Ngome ya Yesu. "Hapa hatufuti," aliniambia. "Hati ya kiapo ni maneno ya mtu mbele ya Mungu na jaji. Ukikosea herufi moja, anza ukurasa upya." Ilikuwa miaka ya sitini, na hakuna binti wa Mji wa Kale aliyekuwa ameajiriwa pale kabla yangu.

Baadaye nilihamishiwa kwa Wakili Mkuu aliyesimamia kesi za madai. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, mwenye kujivunia Kiswahili chake. Alisema haraka, nami nikaandika kwa hatimkato, zile alama fupi zinazokimbizana na ulimi, kisha nikapiga taipu kwa Kiingereza, nakala nne kwa karatasi za kaboni.

Asubuhi moja alikuja Bi Rehema, mjane wa mtaa wa Kibokoni, kutia kidole gumba kwenye kiapo chake. Mpwa wa marehemu mumewe alikuwa amemshtaki akidai nyumba. Kesi ilikuwa saa nne, na saa tatu ilikwisha pita. Kazi yangu ilikuwa kumsomea kwa Kiswahili yaliyoandikwa. Nilipofika "nilimpa nyumba", alinishika mkono.

"Mwanangu, sikunena hivyo. Nalimpa akae. Sikumpa iwe yake."

Maelezo yale aliyachukua Wakili Mkuu mwenyewe kwa Kiswahili, akayatafsiri kwa Kiingereza. Niligonga mlango wake nikamweleza.

"Kiswahili unifundishe wewe?" aliuliza bila kuinua macho.

"La, bwana. Lakini kidole ni chake."

Aliweka kalamu chini. Kisha akatoka, akaketi mbele ya Bi Rehema, akamwomba aseme tena, na akamsikiliza mpaka mwisho. Aliposimama aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Kosa ni langu." Mbele ya makarani wote! Sijapata kumwona mkubwa mwingine akifanya vile.

Tulibakiwa na nusu saa. Bi Olga alinipangia karatasi na kaboni, nami nikapiga kurasa zote tatu upya. Nikasoma, Bi Rehema akaitikia kila sentensi, akatia kidole mbele ya kamishna wa viapo, tukaenda mahakamani mbio mbio. Miezi kadhaa baadaye jaji aliamua kuwa nyumba ni ya Bi Rehema.

Tangu siku ile, kila alipochukua maelezo ya mtu kwa Kiswahili, Wakili Mkuu aliniita. "Bi Zuhura, kaa usikize. Nikikosea, nikatize." Nilimkatiza mara nyingi, wala hakununa.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza nilikuwa nikipiga maneno mangapi kwa dakika. Nimesahau. Ninaowakumbuka ni wazee wasiojua kusoma, wino umeshapakwa kidoleni, wananitazama mdomo.