Siku za Shanga Nyeupe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu, hiyo nitaikumbuka. Ni siku mama mkwe wangu alipoinua godoro letu ili alianike juani, akakuta chini yake kitu nilichokuwa nimekificha. Mchana ule niliamini kabisa kwamba ndoa yangu imekwisha.

Nakusimulia leo kwa sababu Jumamosi unaolewa. Mama yako amekufundisha kupika, mchungaji amekufundisha uvumilivu, lakini nina hakika hakuna aliyekwambia mwili wako unafanya nini kila mwezi. Mimi ni shangazi yako, na kwetu kazi hiyo ni ya shangazi. Usiinamishe kichwa hivyo. Tuko wawili tu, mlango umefungwa, na chai bado ipo kwenye chupa.

Nilipoolewa hapa Gisenyi nilikuwa mdogo kuliko wewe. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa. Mume wangu Selestini na mama yake walikuwa wamerudi kutoka Masisi, huko Congo. Kinyarwanda changu kilikuwa na lafudhi iliyowachekesha hata watoto wa jirani, kwa hiyo mimi na mama mkwe tulikutana kwenye Kiswahili: changu cha shuleni, chake cha soko la Goma. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka upande wa pili wa barabara. Kila asubuhi alivuka mpaka na beseni la karoti kichwani, na mchana alikuwa amesharudi, beseni tupu, na habari zote za Goma mdomoni. Nilimwogopa. Hakuwahi kunifanyia baya lolote, ila nilimwogopa tu, na nadhani alijua na ilimfurahisha kidogo.

Selestini alikuwa fundi wa mabomba ya maji, na kazi ilikuwa imempeleka Nyagatare, ncha ya pili ya nchi. Alirudi mwisho wa mwezi akishalipwa, akakaa siku mbili tatu, kisha akapanda basi kurudi. Mwaka ukapita hivyo, wa pili ukaingia, na tumbo langu likabaki lilivyo. Majirani wakawa wananitazama tumboni kwanza ndipo wananisalimia. Baba mdogo wa Selestini, mzee mmoja wa Busasamana aliyependa vikao vya ukoo kuliko chakula, akaanza kusema kwamba Goma kuna msichana wa familia nzuri, ambaye dada zake wote wana watoto wengi. Alilisema hilo nikiwa hapo hapo namimina chai. Nililia sana siku zile, mwanangu, na sikumlilia mtu.

Mwisho nikaenda kituo cha afya, peke yangu, bila kumuaga yeyote. Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Aliniuliza hedhi yangu inakuja lini, inakaa kwa muda gani, na mume wangu analala nyumbani siku zipi. Nilimjibu huku natazama ukutani. Akaweka kalamu chini.

"Dada yangu," akasema, "mume wako na hedhi yako wanapanda basi moja."

Na ilikuwa kweli! Wengine mzunguko wao ni mfupi, wengine mrefu. Wangu ulikuwa unakaribia kulingana na mwezi wa kalenda. Selestini akishusha begi mlangoni, nayo hedhi imeingia au iko njiani. Miezi yote ile nilikuwa nalaumu tumbo, na kumbe tumbo halikuwa limepewa nafasi hata mara moja.

Hapo muuguzi akafungua droo, akatoa mkufu wa shanga. Sasa sisi tuliokulia Tanzania shanga tunazijua vizuri. Mwanamke huzivaa kiunoni, na wa kuziona ni mumewe tu. Nikasikia uso wote umewaka.

"Dada," nikamwambia, "mwenyewe hayuko nyumbani. Nimvalie nani?"

Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi akanieleza kwamba hizi si za kiuno. Ni zile ambazo hapa kwetu wanaziita urunigi, na wewe umeshazisikia. Wanandoa wengi wanazitumia kupanga uzazi. Kila shanga ni siku. Kuna kimpira kidogo cheusi, unakisogeza mbele kila asubuhi. Shanga nyekundu ni siku hedhi inapoanza. Za kahawia ni siku ambazo mimba si rahisi kuingia. Nyeupe, zile za katikati, ndizo siku ambazo inaweza kuingia. Asiyetaka mimba anaziepuka nyeupe.

"Wewe," muuguzi akasema, "zitafute."

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo wasichana wengi hawaambiwi. Ndani ya mwanamke kuna vifuko viwili vya mayai. Kwa kawaida kila mwezi yai moja linakomaa, linatoka, linaingia kwenye mrija unaokwenda kwenye mji wa mimba. Yai hilo haliishi sana, ni kama siku moja tu. Mbegu za mwanamume zina subira zaidi, zinaweza kusubiri humo ndani siku kadhaa. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni chache: zile chache kabla yai halijatoka, na siku yenyewe linapotoka. Wakati huo mji wa mimba umeshajitandika ukuta laini wa damu, kama mtu anayetandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Mgeni asipofika, kitanda kinakunjwa, na kule kukunjwa ndiyo hedhi. Si uchafu, na si laana ya mtu. Ni mwili unajiandaa upya.

Basi nikaenda nyumbani na shanga zangu na furaha yangu, nikazificha chini ya godoro. Kwa nini? Aibu tu. Simu ya nyumbani ilikuwa ya mama mkwe, inakaa sebuleni, na mimi ningesemaje mambo ya yai na mbegu sebuleni? Nikawa nasogeza kimpira kila asubuhi na kusubiri Selestini aje nimwambie ana kwa ana. Ndipo likatoka lile jua, baada ya mvua ya juma zima, na mama mkwe akarudi mapema kutoka Goma, akaamua kuanika magodoro.

Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba.

"Bibi ya Selesti! Kuya hapa."

Unajua kwao bibi ni mke. Nikaingia na mikono imejaa povu. Nilimkuta ameketi kwenye mbao za kitanda, shanga zimelala mapajani mwake.

"Hii ni nini?"

Povu lilidondoka sakafuni.

"Mi naijua hii. Bibi ya jirani iko nayo. Ule alizala watoto tano, akasema basi, akachoka. We ulizala ngapi?"

Nilitazama chini.

"Donc mi nakuombeaka ku kanisa kila siku, na we uko hapa unafunga mulango! Juu ya nini? Mutoto yangu alikukosea nini? Dimanche baba mudogo anakuya. Nitamuonyesha hii, aone kwa macho yake."

Jumapili hiyo ilikuwa kesho kutwa. Nilimwona mzee wa Busasamana akizinyanyua shanga zangu mbele ya ukoo mzima, na yule msichana wa Goma akiletwa na masanduku yake. Mwanangu, hofu ikizidi sana inakuwa haina kazi tena. Nikaketi sakafuni hapo hapo na povu langu, nikasema yote. Nikamweleza kituo cha afya, nikamweleza yai, mrija, mbegu zinavyosubiri, nikamwonyesha nyekundu na kahawia na nyeupe. Nilisema maneno ambayo sikuwahi kuyasema mbele ya mtu mzima. Yeye kidole chake kilikuwa kinapita juu ya shanga moja moja.

"Nyeupe ni siku za kupata?"

"Ndiyo, mama."

"Na Selesti anakuyaka siku gani?"

"Nyekundu."

Aliziinamia tena zile shanga. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Yesu wangu! Kumbe kosa ni ya bisi!"

Alisema bisi, yaani basi, akacheka mpaka akalala juu ya zile mbao. "Mi nilizala watoto munane, na hakuna mutu alinifasiria hata kimoja. Bwana yangu alikuwa analala ku nyumba kila siku, mimba zilikuwa zinakuya zenyewe. Nilizania ni vile kwa watu bote." Akajifuta macho kwa kitenge. Halafu uso ukabadilika, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Lakini we ulinikosea. Si juu ya shanga. Ulikuwa unalia mu chumba yako, na mi nilikuwa nalia mu yangu, na ukuta iko moja. Ungeniambia."

Hilo karipio lilinichoma kuliko kelele zote za mwanzo. Nililia, naye akaniacha nilie. Baadaye akauliza, "Leo iko ku rangi gani?"

"Kahawia. Kesho nyeupe inaanza."

Alinyanyuka, akaenda sebuleni, nikasikia anapiga simu. Selestini naye alikuwa mtu wa kupiga kelele kwenye simu, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Selesti, kuya nyumba."

"Mama, niko ku kazi! Mwezi haiyaisha!"

"Mwezi ya nani? Ya bibi yako iko katikati!"

"Eeh? Mama, una nini? Uko mugonjwa?"

"Niko mugonjwa, ndiyo. Niko na ugonjwa ya mujukuu. Kuya."

Kesho yake jioni Selestini aliingia amebeba machungwa ya mgonjwa, uso umemshuka kwa wasiwasi. Akamkuta mgonjwa anatoka na beseni lake, anasema anakwenda Nyakiriba kwa dada yake kuangalia karoti shambani. Nilimweleza mume wangu yote usiku ule. Masikio yalimwiva kwa aibu. Alimenya chungwa, akanipa nusu, kisha akauliza, "Na mimi nifanye nini?" Nilimpenda kwa swali hilo, na bado nampenda kwa ajili yake.

Jumapili baba mdogo alifika na hotuba yake. Mama mkwe alikuwa amesharudi kutoka Nyakiriba makusudi. Alimwacha mzee amalize kuhusu msichana wa Goma, akamwongezea chai, kisha akasema kwa upole kabisa: "Mutoto yangu iko Nyagatare. Bibi yake iko Gisenyi. Munataka mimba ikuye namna gani? Ku telefone?"

Mzee aliomba sukari. Habari za msichana wa Goma hatukuzisikia tena.

Mwezi ule mimba haikuingia. Wala uliofuata. Nakwambia na hili kwa sababu watu wakisimulia hulipita. Kukutana siku za nyeupe si ahadi, ni nafasi tu, na miili yenye afya kabisa inaweza kuhitaji miezi. Selestini aliongea na mkubwa wake, akabadilishiwa siku za mapumziko, akawa anakuja katikati ya mwezi. Na tulikuwa tumeshakubaliana kwamba ikikataa tutakwenda hospitali wote wawili, na yeye apimwe, kwa sababu nusu ya jambo hili ni ya mwanamume na mara nyingi huko hakuna anayeuliza. Haikufika huko. Mwezi mmoja nikasubiri nyekundu na haikuja. Mama mkwe alikuwa anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, harufu ikanipiga, nikakimbilia nje. Niliporudi alikuwa ameshazima jiko, amesimama na mwiko mkononi, machozi yanamtoka, anashukuru, merci, merci, hata sijui alikuwa anamwambia Mungu au mimi. Ndivyo alivyopatikana dada yako Aline. Na baba mdogo alipouliza kwa nini si mvulana, nilimjibu mwenyewe: yai la mama halichagui, mbegu ya baba ndiyo inayoleta mvulana au msichana, kwa hiyo malalamiko ayapeleke kwenye ukoo wake.

Basi nisikilize vizuri. Ujue mwezi wako, ujue unaanza lini na unakwenda vipi, na ukiona unaruka ruka usikae ukibahatisha, nenda kituo cha afya ukaulize. Mambo haya si matusi, yana majina, na unaruhusiwa kuyataja. Mwambie mumeo mapema, kabla hujahitaji kumwambia. Mkitaka mtoto mtafuteni pamoja, mkitaka kusubiri subirini pamoja, na asikubebeshe mtu peke yako jambo lililotengenezwa kwa watu wawili. Nawe usifiche uchungu wako kwa wale unaoishi nao, kwa kudhani ni adui. Huenda wanalia jambo hilo hilo.

Inuka sasa, lete mikono yako hapa. Mungu akupe watoto unaowataka, kwa wakati mtakaopanga ninyi wawili. Akupe mume atakayeuliza na yeye afanye nini. Na asipokupa mtoto, mwanangu, akupe nyumba ambayo haitakutazama tumboni kabla ya kukusalimia.