Kumtafutia Tunu Dume, Kutoka Makindye Hadi Nakaseke

Mtamba wetu Tunu alipofikia umri wa kupandwa, mke wangu Saida alianza kukosa usingizi. Mama yake Tunu alipandwa na dume la jirani, jitu zima, na huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Ndama akakwama mabega. Tulimvuta kwa kamba akatoka mzima, lakini mama hakuinuka tena. Mimi ni muuza nyama kama baba na babu yangu, basi nikamchinja kabla hajafa, nyama isije ikawa haramu. Saida hakuonja hata mchuzi. Alimchukua ndama akamlea kwa chupa nyuma ya nyumba yetu hapa Makindye, na ndiye huyu Tunu.

"Rajabu," aliniambia tulipokuwa tunaagana, siku ya kwenda kumtafutia Tunu dume, "huyu ni mwanangu. Ukiniletea ngozi, wewe kalale huko huko buchani."

Baada ya sala ya alfajiri tulimpandisha Tunu kwenye pikapu ya Baraka, Mkongomani anayefanya biashara ya ndizi. Tuliteremka kupitia Kibuye, tukapita chini ya Nakasero boda boda zikituchomekea kila upande, na jua lilipochomoza tulikuwa tumeshaiacha Kawempe.

Bombo tulisimama kunywa chai. Baraka alikwenda kuchungulia nyuma, akarudi amekunja uso.

"Papa Rajabu, huyu mutoto iko natetemeka. Tumuwekee majani chini, asiteleze."

Tukakata majani kando ya barabara. Nilimkuna Tunu shingoni mpaka akatulia, na moyo wangu nao ukatulia kidogo.

Mchana tulifika Nakaseke kwa Bi Kemigisha, mfugaji anayeniuzia ng'ombe wa Idi. Nilitaka twende zizini moja kwa moja, lakini kwake hakuna shauri linaloanza kabla ya maziwa. Nikakaa, nikanywa kibuyu kizima chenye harufu ya moshi, nikashukuru. Ndipo akainuka.

Zizini kulikuwa na madume mawili. Nilikwenda mbio kwa lile jekundu. Nililipapasa bega, na macho yangu yakawa yameshalichuna ngozi. Niliona paja likining'inia kwenye kulabu na wateja wamejaa mlangoni.

"Huyu," nikasema. "Mtoto wake atakuwa na nyama!"

Bi Kemigisha alinitazama bila kucheka. "Ssebo," akaniambia, maana yake bwana, "hiyo bega, pima na mikono yako."

Nikapima, mikono ikatanuka.

"Usifunge mikono. Kuja hivyo hivyo."

Nikamfuata mikono imetanuka, Baraka akinicheka waziwazi, mpaka tukafika nyuma ya Tunu.

"Mtoto nafuata baba yake," akasema. "Bega kama hiyo itapita wapi?"

Mikono ilinishuka yenyewe. Nilimwona mama yake Tunu amelala ubavu, na kamba mikononi mwangu. Niliingiwa na hofu. Miaka yote hii nimefundishwa kumwona ng'ombe akiwa ameshakatwa vipande, na kwa macho hayo hayo nilikuwa karibu nimuue mtoto wa Saida.

Dume la pili lilikuwa jeusi, refu, kichwa chembamba, mabega yamelala. Mnadani ningelipita bila kuligeukia. Bi Kemigisha hakulisifu. Alinipeleka kwa mitamba waliozaa nalo, kila mmoja na ndama wake ubavuni.

"Hii yote nazaa peke yake. Asubuhi mimi nakuta tu mtoto nasimama. Nazaliwa kidogo, halafu nakula, nakuwa kubwa."

"Na lile jekundu?"

"Hiyo ni ya mama wakubwa, wenye wamezoea kuzaa. Huyu wako ndiyo mara ya kwanza. Nyama nakuja nyuma, ssebo."

Tukakubaliana Tunu abaki hapo mpaka ashike mimba.

Magharibi tuliingia Makindye. Saida alikuwa mlangoni. Aliiona pikapu tupu, akashika kichwa.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko salama, amebaki na mchumba."

"Umemchagulia dume gani?"

"Lile ambalo nisingelinunua."

Alikaa kizingitini akacheka huku machozi yanamtoka.

Tunu alirudi nyumbani na mimba. Mwezi wake ulipokaribia, nilinunua kamba mpya nikaitundika bandani, maana sikuwa na imani hata kidogo. Ijumaa moja nilitoka msikitini nikamkuta Saida amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Tunu analamba ndama mweusi, na ndama ameshasimama anatafuta chuchu.

"Mbona hukuniita?" nikauliza.

"Nikuite ufanye nini?"

Siku hizi nikienda kununua ng'ombe wa kuchinja, naenda peke yangu. Nikienda kuchagua dume, naenda na Saida. Ile kamba aliiteremsha Ijumaa hiyo hiyo, akaifunga kutoka bandani hadi dirishani, na mpaka leo anaanikia kanga zake.