Kabureta Mbili Pale Witeithie

Guka wangu, babu Njau, ni fundi wa kabureta tu, zile za injini za zamani. Gari likija na kompyuta ndani, anafunga boneti polepole na kumwambia mwenyewe apeleke kwa vijana wa Juja. Gereji yake iko Witeithie, kando ya barabara, na mwezi huu wote kilichoingia ni kuku wa jirani. Cucu Nyawira, mkewe, akampa hadi Jumamosi.

"Isipokuja kabureta hata moja, baba Ciku, hapa tunaweka kaa wosh, tuoshe magari."

Jumamosi hiyo ndiyo magari ya michezo ya zamani yalipita, yakielekea Thika kwa mashindano. Si mbio. Kila gari limepewa dakika yake ya kufika, na ukiwahi au ukichelewa unakatwa alama. Yaani watu wazima wamevaa glavu za ngozi wakishindana kutochelewa, jambo ambalo sisi wa shule tunafanya kila asubuhi bila glavu.

Moja jekundu, lisilo na paa, likakohoa na kuzima mbele yetu. Sijawahi kuona gari zuri hivyo. Lilikuwa chini mpaka nikaona upara wa dereva kutoka juu. Guka alikuwa ashatoka na kipande chake cha mpira wa maji.

"Mzee, usiguse," dereva akasema. "Fundi wangu yuko nyuma, anakuja."

Fundi akaja na laptop. Akazunguka gari mara mbili akitafuta pa kuchomeka waya. Gari la mwaka wa 1964.

"Jaribu chini ya usukani," dereva akamshauri. Na huyu ndiye amekaa nalo miaka kumi.

Cindy, msichana aliyekuwa amekaa kando yake na saa na ramani, ndiye aliyemwita guka. "Guka, tumebakisha dakika kumi na nane. Tafadhali."

Guka akamwambia dereva awashe. Injini ikashika, ikitetemeka. Akaweka ncha moja ya mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, halafu ya pili.

"Hii inavuta hewa vizuri. Hii ingine inavuta kama mtu wa pumu."

Akazungusha skrubu nusu, akasikiliza, akarudisha robo. Injini ikatulia, ikaunguruma sawasawa. Akampa dereva mpira. "Sikia mwenyewe."

"Sisikii kitu."

"Najua."

Guka bado ameinama pale, dereva akatoa simu akajirekodi. "Ilikuwa joto tu, watu wangu. Tumeipumzisha kidogo, sasa tuko sawa." Cindy akakodolea macho ramani, ramani ya barabara iliyonyooka hadi Thika. Wakaenda.

Cucu akatoka akitabasamu. "Haya, baba Ciku. Imekuja. Nilisema, na siwezi kugeuka. Gereji ibaki."

Guka akajipangusa mikono na kitambaa, kidole kwa kidole.

"Wenye kabureta waliobaki ni hao?"

"Ni hao."

"Basi ita watu wa kaa wosh Jumatatu. Mtu akioshewa gari, angalau anajua kuna mtu ameliosha."